Kombe Lililofunikwa kwa Makaratasi

Kesi ya Larry Nassar, daktari wa michezo aliyedhalilisha wasichana, iliposikilizwa hapa Lansing, jimbo la Michigan, Marekani, Januari 2018, familia za Wakongo na Warundi ninazozitafsiria hospitalini zilikuwa na mambo yao: nyumba za kupanga, zamu za usiku viwandani, watoto waliorudishwa madarasa ya chini kwa sababu ya lugha. Lakini wiki zile hukuweza kukaa kwenye ukumbi wa kusubiri wenye televisheni bila kumwona yule daktari kizimbani, na wasichana wakisimama mmoja baada ya mwingine kumwambia alichowafanyia. Swali nililoulizwa kila mahali lilikuwa moja. Aliniuliza mama wa Uvira tukisubiri daktari wa watoto. Wakaniuliza mawifi zangu kwa simu kutoka Tanga. Akaniuliza na mchungaji mmoja, tena kwa sauti ya mtu aliyekwisha kutoa hukumu: mama zao walikuwa wapi?

Walikuwa mle mle chumbani.

Nassar alikuwa daktari wa Chuo Kikuu cha Michigan State, pale East Lansing, na daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki ya Marekani. Mzazi wa mji huu aliyepata miadi naye alijiona ana bahati, maana mikono ile ile ilikuwa imetibu migongo ya mabingwa wa Olimpiki. Basi mama anaketi kwenye kiti, mtoto amelala kitandani, daktari anauweka mwili wake katikati, shuka juu ya mtoto, na huku anapiga soga na mama kuhusu mashindano ya wiki ijayo mkono wake unafanya yake. Aliita tiba. Dunia ilisikia kwa sababu ya mabingwa wa Olimpiki Simone Biles, Aly Raisman na McKayla Maroney, lakini wengi wao walikuwa watoto wa hapa hapa: wacheza voliboli, wacheza dansi, wasichana wa klabu ya Twistars kule Dimondale, ambao medali kubwa waliyowahi kuvaa ni ya mkoa.

Kazi yangu inanifanya niamini kila neno la akina mama wale. Mkalimani akiwa kwenye chumba cha uchunguzi, husimama upande wa kichwa cha mgonjwa au nyuma ya pazia. Nguo ikifunuliwa, nageukia ukuta. Ndiyo adabu, na ndiyo kanuni. Nimesikia mambo mengi ya miili ya watu bila kuona chochote isipokuwa rangi ya ukuta na kopo la dawa ya kunawia mikono. Mtu anayesema "mimi ningekuwepo ningeona" hajawahi kukaa katika chumba ambacho mtu mmoja tu ndiye anayejua kinachopaswa kufanyika, na huyo mmoja amevaa koti jeupe.

Na watoto hawakusema? Walisema. Hapa ndipo hadithi yenyewe inapoanza kwangu, kwa sababu nilikuwa nikidhani kufunika jambo ni kulinyamazia. Nilipoanza kufuatilia kesi ile, nikiwa mkazi wa mji na mama wa binti anayecheza jimnastiki, niliona kitu tofauti kabisa. Mambo yaliandikwa. Vikao viliitishwa. Wataalamu walialikwa. Funika kombe mwanaharamu apite, walisema wazee, na kombe la Lansing lilifunikwa kwa makaratasi, safu juu ya safu, kila moja ina tarehe na sahihi.

Mwaka 1997 Larissa Boyce, akiwa na miaka 16, alimwambia Kathie Klages, kocha wa jimnastiki wa chuo, kwamba daktari anamgusa pasipostahili. Kwa maelezo ya Boyce, kocha aliinua karatasi akamwambia anaweza kuandikisha malalamiko, ila yatakuwa na madhara makubwa kwake na kwa daktari. Msichana wa miaka 16 angefanya nini na karatasi hiyo? Hatua iliyofuata ni kwamba Nassar mwenyewe alipata habari, na Boyce akaendelea kupelekwa kwake. Klages alikuja kusema hakumbuki mazungumzo hayo. Mwaka 2020 baraza la wazee wa mahakama lilimwona na hatia ya kuwadanganya wapelelezi, kisha mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu.

Mwaka 2004 Brianne Randall, miaka 17, hakwenda kwa kocha. Alikwenda polisi wa Meridian Township, jirani kabisa na chuo, na akapimwa hospitali kama mtu aliyebakwa. Alifanya kila kitu ambacho watu hupenda kusema mwathirika angepaswa kufanya. Polisi wakamwita daktari. Daktari akaja na PowerPoint. Nilipoisoma habari hiyo niliirudia, nikidhani nimeielewa vibaya: mtuhumiwa aliwaletea polisi slaidi za kueleza tiba yake, nao wakaridhika, wakafunga jalada. Mwaka 2018 uongozi wa mji ule ulimwomba Randall radhi hadharani. Wasichana waliopita kwenye kile kitanda katika miaka ile 12 iliyofuata wasingekipanda kama mpelelezi angempigia simu daktari yeyote wa mji mwingine, asiyemjua Nassar, akamuuliza: hii ni tiba?

Kumuuliza mtu wa nje. Kila nikirudi kwenye mtiririko wa kesi hii nakuta pengo ni hilo hilo.

Ushahidi mkubwa wa pengo hilo ni mwaka 2014. Amanda Thomashow, aliyekuwa amemaliza masomo pale chuoni, alilalamika rasmi. Chuo kikafanya uchunguzi wake wa ndani, kikawauliza madaktari kama alichofanya Nassar ni tiba. Madaktari wenyewe walikuwa wa chuo hicho hicho, wanaomjua na kufanya kazi naye. Wakasema ni tiba. Kisha ripoti ikaandikwa mara mbili. Ile aliyopewa Thomashow ilisema hakudhalilishwa, hakuielewa tu tiba aliyopewa. Ile iliyobaki chuoni iliongeza kwamba mwenendo wa daktari unaiweka kliniki katika hatari ya kushtakiwa, na unawaumiza wagonjwa pasipo sababu. Yaani walijua kuna jambo, wakaliandika, wakaliweka kabatini, na mlalamikaji wakampa nakala iliyopunguzwa makali.

Mkuu wa kitivo, William Strampel, alimrudisha Nassar kazini kabla polisi hawajamaliza upelelezi wao, akamwekea masharti: awepo mtu wa tatu chumbani wakati wa tiba ya sehemu za siri, avae glavu. Hakuna aliyepewa kazi ya kuangalia kama masharti yanafuatwa. Mama wa Uvira nilipomsimulia hili alicheka kicheko kikavu. Akasema kwao kwenye kambi ya wakimbizi pia mlinzi wa ghala alikuwa na masharti.

Halafu 2015, na hapa inakuwa ngazi ya taifa. Kambi ya timu ya taifa ilikuwa shamba la makocha Karolyi, mume na mke, ndani ya msitu karibu na Huntsville, Texas. Wazazi hawaruhusiwi, simu zinashika kwa taabu, chakula cha wasichana kinahesabiwa na makocha. Nassar ndiye aliyewaletea pipi na biskuti kwa siri. Katika mahali ambapo kila mtu mzima anakufokea, yeye alikuwa mpole, na upole ule ulimfanyia kazi kuliko vitisho vyovyote. Juni mwaka huo, kocha mmoja alimsikia Maggie Nichols, mchezaji wa timu hiyo, akizungumza na mwenzake kuhusu tiba ile. Kocha huyo, Sarah Jantzi, alifanya jambo dogo ambalo karibu mtu mzima mwingine yeyote katika mkasa huu hakulifanya: aliwaambia wazazi wa mtoto siku hiyo hiyo, na akatoa taarifa kwa chama cha jimnastiki cha Marekani.

Chama, USA Gymnastics, kikiongozwa na Steve Penny, kikaajiri mtu wake wa kuchunguza. Zilipita takriban wiki tano kabla ya ofisi ya Indianapolis ya FBI, shirika la upelelezi la taifa, kuambiwa. Familia ya Nichols iliambiwa ikae kimya isiharibu uchunguzi. Nassar naye akakosekana kwenye mashindano kwa visingizio vilivyokubaliwa baina yake na chama, kisha Septemba akatangaza mwenyewe kwamba anastaafu kazi ya timu ya taifa, na ujumbe wa kuaga ulikuwa mtamu. FBI walimhoji Maroney kwa simu. Alisimulia kila kitu akiwa amekaa kwenye sakafu ya chumba chake, na maelezo yake hayakuandikwa hadi miezi 17 baadaye. Mkuu wa ofisi ile ya FBI alikuwa anazungumza na Penny kuhusu nafasi ya kazi katika Kamati ya Olimpiki ya Marekani. Haya si uvumi wa mitaani. Yamo katika ripoti ya Inspekta Mkuu wa Wizara ya Sheria ya Julai 2021. Ripoti hiyo inasema kati ya siku FBI walipoambiwa na siku Nassar aliposimamishwa, mwishoni mwa Agosti 2016, vijana wapatao 70 au zaidi waliendelea kudhalilishwa.

Na muda huo wote Chuo cha Michigan State hakikuambiwa. Hakuna aliyepiga simu Lansing. Huku kwetu akina mama waliendelea kuendesha magari kwenye theluji kuwawahisha watoto miadi.

Aliyeyaondoa makaratasi hakuwa na cheo chochote kwenye michezo. Rachael Denhollander, mwanasheria na mama aliyekuwa akiishi Kentucky, alisoma gazeti la Indianapolis Star Agosti 2016, habari ya jinsi chama cha jimnastiki kilivyokuwa kikiweka kabatini malalamiko dhidi ya makocha. Habari ile haikumtaja Nassar. Yeye alikuwa ametibiwa naye mwaka 2000 akiwa na miaka 15. Akawaandikia waandishi wale, akaenda polisi wa chuo na faili lake la matibabu, na Septemba 12 jina lake likatoka gazetini. Polisi aliyempokea, Andrea Munford, alimsikiliza. Wakaanza kujitokeza wengine. Novemba mwaka ule ule, kwa taarifa yenu, Nassar alikuwa bado kwenye karatasi ya kura ya bodi ya shule kule Holt, na zaidi ya watu elfu mbili walimpigia.

Mahakamani, mbele ya Jaji Rosemarie Aquilina, mwendesha mashtaka alitarajia wasichana 88 hivi wangezungumza. Zilichukua siku saba na yakasomwa maelezo 156, kwa sababu waliokuwa nyumbani wakitazama waliona wenzao wakisikilizwa, wakawasha magari wakaja. Nilimtazama Kyle Stephens, wa kwanza kusimama. Yeye hakuwa mchezaji wala mgonjwa. Wazazi wake walikuwa marafiki wa Nassar. Alianza kuguswa akiwa na miaka sita. Aliposema, wazazi wake walikwenda kumuuliza mtuhumiwa mwenyewe, akakana, nao wakamwamini yeye. Baba yake alimlazimisha amwombe daktari radhi. Baba huyo alikuja kuujua ukweli, na mwaka 2016 alijiua. Nilizima televisheni ya ukumbi nikijifanya natafuta rimoti, kwa sababu kulikuwa na watoto.

Familia, kocha, polisi, chuo, chama, FBI. Ukiziweka kwenye mstari, zote zilifanya kitu kile kile: zilimuuliza anayeshukiwa, au rafiki yake, kisha zikaandika jibu.

Mimi sikuyajua haya kwa kusoma tu. Binti yangu alikuwa kwenye klabu moja ya hapa, si ile ya kwenye kesi. Mama mwenzangu mmoja, Mmarekani, alinionyesha simu ya mtoto wake wa miaka 13: kocha msaidizi alikuwa anawaandikia wasichana usiku. Mwanzoni maneno ya kawaida, pole kwa mazoezi, umependeza kwenye picha. Kisha kuomba picha nyingine. Hakuna aliyekuwa ameguswa bado, ndiyo maana wengine walisema tusikuze mambo.

Mkurugenzi alitukaribisha vizuri mno. Kahawa, keki, kiti cha kuzunguka. Akatushukuru kwa ujasiri wetu. Akasema klabu ina sera, akatupa fomu, na kamati ya ndani ingelichunguza suala hilo kwa uzito unaostahili. Akatuomba tusilizungumze na wazazi wengine ili kulinda faragha ya watoto. Nilimuuliza nani wako kwenye kamati. Alikuwa yeye, mke wa kocha mkuu, na mhasibu wao.

Sikuijaza ile fomu. Nilitoka hadi maegesho, nikakaa ndani ya gari na yule mama, tukapiga namba ya jimbo ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto, ambayo hupokelewa saa 24. Usiku tukaandika kwa SafeSport, kituo kilichofunguliwa Machi 2017 kule Denver kupokea malalamiko ya michezo yote iliyo chini ya Kamati ya Olimpiki. Tangu Februari 2018 sheria ya Marekani inawabana watu wazima wenye mamlaka juu ya watoto katika michezo hiyo: wakishuku udhalilishaji, watoe taarifa kwa vyombo vya sheria ndani ya saa 24. Haisemi wamalize kwanza uchunguzi wao. Mkurugenzi alipaswa kulijua hilo kuliko mimi.

Gharama ilikuja. Wazazi niliokaa nao kwenye benchi miaka wakaanza kunisalimu kwa kidevu. Binti yangu aliachwa kwenye safari ya mashindano aliyokuwa amefuzu, kwa maelezo kwamba nafasi za gari zimejaa. Alilia, akanikasirikia, na sikumlaumu. Kwa mtoto wa umri ule safari ile ilikuwa dunia nzima. Kocha msaidizi aliondoka. Barua ya klabu kwa wazazi ilisema amepata fursa mpya, na wanamtakia kila la heri. Niliisoma nikakumbuka ile ya kustaafu ya Septemba 2015. Nikaipeleka nakala kwa mpelelezi, kwa sababu mtu anayetakiwa kila la heri huwa anatafuta kazi klabu nyingine.

Watu hunitajia fidia kama mwisho mwema wa mambo ya Nassar. Chuo kilikubali kulipa dola milioni 500 mwaka 2018. USA Gymnastics, ikiwa imeshafilisika, na Kamati ya Olimpiki pamoja na bima zao, dola milioni 380 mwaka 2021. Wizara ya Sheria, kwa uzembe wa FBI, dola milioni 138.7 mwaka 2024. Jumla inapita bilioni moja. Hata hivyo chuo kilikalia nyaraka zaidi ya elfu sita kwa kisingizio cha siri kati ya mwanasheria na mteja, na ilichukua zaidi ya miaka sita tangu hukumu hadi mwanasheria mkuu wa jimbo akakabidhiwa. Kulipa hawakuona tabu. Kufungua kabati ndiko kulikowauma.

Mwaka jana wifi yangu alinipigia kutoka Tanga. Mwanawe yuko kwenye kituo cha kukuza vipaji vya mpira, analala huko huko. Amerudi likizo hataki kurudi kambini, na hataki kusema kwa nini, ila anasema mwalimu huwaita mmoja mmoja chumbani kwake kwa "masaji" baada ya mazoezi.

"Tumewaeleza viongozi," akaniambia. "Wamesema tusubiri, wataitisha kikao na wazee. Wamesema wifi tusilichafue jina la kituo, kuna watoto wanakaribia kwenda kufanyiwa majaribio nje."

Nikamuuliza kikao hicho atakuwepo nani. Akaanza kutaja majina. La pili lilikuwa la mwalimu mwenyewe.

Nikamwambia: "Wifi, kikao waache wakae wao. Wewe kesho asubuhi mchukue mtoto mwende Dawati la Jinsia na Watoto, polisi. Wakikuzungusha piga 116, ni bure. Mtoto usimhoji wewe wala usimwache baba yake amhoji. Mwambie tu unamwamini. Na usimpigie yule mwalimu."

"Na wazee?"

"Wazee utawasalimia ukitoka."

Alikwenda. Siku ya tatu mjumbe wa kituo alifika nyumbani na bahasha ya "usumbufu", akairudisha bila kuifungua, mbele ya majirani, jambo ambalo kaka yangu bado analinung'unikia. Wazazi wengine wawili waliposikia amefungua jalada nao wakapeleka watoto wao. Mwalimu alikamatwa, akapata dhamana. Kituo kinaendelea na mazoezi, na kimetangaza kwamba sasa kina sera ya kuwalinda watoto. Wifi ameniomba nimsaidie kuisoma hiyo sera. Ina kurasa kumi na kitu, na ukurasa wa nne unasema malalamiko yote yapelekwe kwanza kwa uongozi wa kituo. Amepiga mstari mwekundu hapo, na Jumatatu anaipeleka kwa ofisa ustawi wa jamii wa wilaya.